Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Hali ya Uwanja na Matumizi ya Maji

Ndugu wanachama,

Lalamiko lililoongoza mwaka huu ni kwamba uwanja wetu wa gofu umekauka. Wapo walioandika kwa upole, wapo walioandika kwa hasira, na mmoja akauliza kama pampu imeuzwa. Haijauzwa. Kamati ilipunguza maji ya fewei, yaani njia ya nyasi fupi tunayochezea kuelekea shimo, kwa makusudi, na kwenye rafu, nyasi ndefu za pembeni, ikayakata kabisa. Uamuzi huo nauunga mkono na leo nitaomba uendelee.

Nyasi zinazonyweshwa kidogo kidogo kila siku hazina haja ya kushusha mizizi. Jua likiwaka siku mbili tatu, zinanyauka. Zikimwagiliwa kwa nadra, usiku au alfajiri, na maji yakazama vya kutosha, mizizi huyafuata chini. Msimamizi wa uwanja alichimbua kipande cha udongo kwenye fewei ya shimo la saba akawaonyesha wanakamati: juu majani yamekauka, chini mizizi myeupe, mizima, imeshika udongo hadi mwisho wa kipande. Nyasi za bermuda hulala kiangazi kikizidi, mvua zikirudi huamka.

Wanaotaka kijani kile cha uwanja wa Augusta, Marekani, wanachokiona kwenye televisheni wakumbuke mashindano makubwa ya gofu ya The Open ya mwaka 2006 huko Hoylake, Uingereza. Uwanja ulikuwa wa manjano na mgumu, mpira ukitua unakimbia. Tiger Woods alitumia dreva, fimbo ya kupigia mbali, mara moja tu kwa siku zote nne, na kombe akalitwaa. Uwanja wa Pinehurst namba 2, Marekani, walikwenda mbali zaidi: katika ukarabati uliokamilika mwaka 2011 waling'oa zaidi ya ekari 30 za nyasi za kumwagiliwa, wakarudisha mchanga na majani ya asili. Mwaka 2014 mashindano ya US Open ya wanaume na ya wanawake zikachezwa hapo hapo, wiki mbili mfululizo.

Tusisahau pia wanaotutazama kutoka nje ya uzio. Agosti 2022, Ufaransa ikiwa katika ukame, wanaharakati walijaza saruji kwenye mashimo ya viwanja karibu na Toulouse. Wananchi walikuwa wamekatazwa kumwagilia bustani, lakini grini, yaani sehemu za nyasi fupi sana zenye shimo la kutumbukizia mpira, ziliruhusiwa kupata maji. Kuharibu mali ya watu sikuungi mkono, ila swali lao ni la haki, na sisi tunapaswa kuwa na la kujibu.

Grini hatukuzibana, na hapo ndipo penye kazi kubwa. Zinakatwa kimo cha milimita 3 hivi. Jani fupi namna hiyo hujitengenezea chakula kidogo, mizizi hudhoofika, ukungu ukafuata. Kwa hiyo dawa nyingi huishia kwenye sehemu ndogo sana ya uwanja. Wanaodai grini za kasi zaidi, yaani zilizokatwa fupi zaidi ili mpira uteleze, wanadai dawa zaidi, hata kama hawakukusudia, na kamati imekataa kushusha visu vya mashine ya kukatia. Dawa sasa hupigwa ugonjwa ukionekana, si kwa kufuata kalenda. Kandokando ya bwawa tumeacha ukanda wa nyasi ndefu uzuie mbolea isisombwe na mvua, maana nitrojeni na fosforasi zikiingia majini mwani hutanda.

Rafu ndefu imemeza mipira mingi, ikiwamo ya kwangu. Ndege nao wameongezeka.

Jambo moja liko mikononi mwenu: alama za mpira kwenye grini, yaani vishimo unavyoacha mpira ukitua. Wengi huchomeka uma mdogo wa kurekebishia katikati na kuinua udongo; mizizi hukatika na kovu hubaki kwa wiki kadhaa. Chomeka ukingoni, sukuma nyasi kuelekea katikati kutoka kila upande, kisha gandamiza kwa soli ya kiatu. Tangu mwaka 2019 sheria za gofu zinaruhusu kurekebisha karibu kila uharibifu kwenye grini, kwa hiyo kisingizio hakipo.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Baada yake tutapiga kura kuhusu pendekezo la kuondoa vinyunyizio vya pembezoni mwa fewei. Ramani imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Tafadhali ipitieni kwanza.