Ile meli ya redio ya Essex si chuma chakavu

Mhariri,

Msomaji wako wa Mbale aliyeandika juma lililopita kuhusu meli ya redio ya Uingereza ana haki ya kucheka. Ukiambiwa kwamba kuna wazee wa Kiingereza waliostaafu, wenye nyumba na bustani zao, wanaodamka asubuhi ya baridi kupanda mashua kwenda kukwangua kutu kwenye meli isiyokwenda popote, na wakimaliza wanachangishana pesa ya dizeli, lazima utajiuliza wana shida gani. Lakini yeye hakuishia kwenye kucheka. Alisema hicho ni chuma chakavu, wakiuze. Hapo ndipo tulipoachana. Mimi nimezeekea kwenye vyumba vya injini za feri zinazobeba mabehewa ya reli Ziwa Victoria, Jinja, Port Bell, Kisumu, Mwanza, na nimeona mara nyingi jinsi neno hilo linavyotangulia na mnunuzi wa vyuma anavyofuata nyuma yake.

Kwanza meli yenyewe, maana barua ile iliipita mbio. Inaitwa Ross Revenge. Iliundwa Bremerhaven, Ujerumani, mwaka 1960, ikiwa meli ya uvuvi ya Iceland kwa jina la Freyr, kisha kampuni ya Ross ya Grimsby ikainunua 1963. Kwa hiyo ilizaliwa kwa kazi ya baridi na mawimbi mabaya, si kwa starehe. Mwaka 1983 watu wa Radio Caroline, stesheni ya Kiingereza iliyotangaza muziki kutoka baharini bila leseni, waliisimamishia mlingoti wa futi 300, wakatia nanga nje ya maji ya Uingereza na kuanza kutangaza. Aliyewahi kupanda juu ya mlingoti wa kawaida kubadilisha taa anaweza kukadiria futi 300 zinafanya nini meli inapoyumba.

Caroline ilikuwa na umri tayari. Ilianza Pasaka ya 1964, ikiongozwa na kijana wa Ireland aliyeitwa Ronan O'Rahilly. Siku hizo Mwingereza alikuwa na BBC, basi, na muziki wa vijana ulipewa saa chache tu. Watoto wa Kampala wa leo wanaozungusha redio na kukuta stesheni juu ya stesheni hawawezi kuelewa. Sisi tuliokua na Redio Uganda peke yake, mpaka FM za watu binafsi zilipoingia 1993, tunaelewa sana. O'Rahilly aliona kwamba sheria inaishia pale maji ya nchi yanapoishia, akaenda kukaa ng'ambo ya mpaka huo. Serikali ikamjibu Agosti 1967 kwa sheria iliyowafuata hata waliokuwa nchi kavu: mwenye kupeleka chakula melini, mwenye kupeleka mafuta, mwenye kulipia tangazo la biashara. Wenzake wengi walifunga virago. Caroline ikabaki, ikikatika na kurudi. Meli iliyotangulia Ross Revenge, Mi Amigo, ilizama Machi 1980. Wahudumu waliokolewa pamoja na kanari wao aliyeitwa Wilson, jina la waziri mkuu ambaye serikali yake ndiyo iliyotunga ile sheria. Mabaharia ni walewale kila mahali.

Ross Revenge nayo ilipata yake. Tufani kubwa ya Oktoba 1987 iliudhoofisha ule mlingoti, na mwezi uliofuata ukaanguka baharini. Mwaka 1989 wakuu wa Uholanzi waliipanda wakabeba mitambo. Novemba 1991 ilikatika nanga usiku wa upepo, ikapanda kwenye mafungu ya mchanga ya Goodwin, mahali ambapo meli ikikwama kwa kawaida haitoki. Watu wakatolewa kwa helikopta. Meli ikavutwa hadi Dover ikiwa nzima, jambo ambalo hata mimi nilipolisoma nilirudia mstari mara mbili.

Na hapo ndipo hadithi ya wale wazee inapoanza, kwa sababu redio ya uharamia iliishia hapo. Hakukuwa tena na mashujaa wa kukimbizana na polisi. Kulikuwa na meli yenye madeni, yenye kutu, iliyokatazwa kutoka bandarini mpaka itengenezwe. Walioipokea ni wasikilizaji na waliokuwa watangazaji wake. Hakuna aliyewaajiri. Tangu 2014 imetia nanga kwenye mto Blackwater, huko Essex, na watu wanalipa nauli ya mashua kutoka Bradwell kwenda kuitembelea, nauli hiyo inaingia kwenye matengenezo. Mwaka 2017 serikali ileile iliyowakimbiza iliwapa leseni ya masafa ya kati, kilohezi 648, wakirusha kutoka Orfordness, nchi kavu. Masafa hayo kabla ya hapo yalikuwa ya BBC, idhaa ya dunia, hadi 2011. Sitaongeza neno hapo, utamu wake unajitosha. Mara moja kwa mwezi wanatangaza kutoka melini kwenyewe, na mimi huwafuata kwa simu, kwa intaneti, bando likiruhusu.

Mpwa wangu anafanya kazi ya kutunza wagonjwa upande ule wa Essex, na nilimsumbua mpaka akaenda. Akanitumia picha za studio, rafu za santuri, maikrofoni, vitanda vya watangazaji. Nikamshukuru, nikamwambia ashuke chini.

"Mjomba, wageni wote wanataka kupiga picha studio."

"Studio haiwezi kuzamisha meli. Nenda chini."

Akanionyesha chumba cha injini kwa video ya simu. Mashine kubwa ni Werkspoor ya Kiholanzi, na sikuiangalia sana. Niliangalia miguuni pake. Sahani za sakafu zimepigwa rangi, mabomba yameandikwa, na pale mpwa alipoinamisha simu katikati ya mbavu za meli niliona ngama yenyewe, yaani sehemu ya chini kabisa ya meli maji machafu yanapokusanyika: maji kidogo, hakuna tope la mafuta, hakuna matambara yaliyotupwa. Mhariri, chumba cha injini kinaweza kupakwa rangi siku moja kabla mkubwa hajaja. Ngama haidanganyi. Ngama safi kwenye meli isiyosafiri maana yake kuna mtu anashuka kule kila juma kwa tochi na kitambaa, wala hakuna mgeni atakayempiga picha.

Ndiyo sababu siwaiti wapenda mambo ya kale. Mpenda mambo ya kale atatoa pesa ya rangi ya nje, ya bendera, ya jina liandikwe upya tezini. Hao wamekuwa wakichangisha pesa ya chelezo, pale meli inapotolewa majini itengenezwe, na ya mabati ya chini ya maji, kazi ambayo ikishafanywa vizuri haionekani. Bati la meli halipimwi kwa macho. Sisi tulikuwa tunagonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua, tukisikiliza: palipo na unene panalia, palipoliwa panajibu kwa sauti nzito, na fundi anaweka alama ya chaki. Siku hizi kuna kipimo cha mawimbi ya sauti yasiyosikika kinachosoma unene kwa milimita. Vyovyote, ukipata alama nyingi za chaki, uko kwenye pesa ambayo tiketi za mashua haziwezi kuimaliza, na chuma cha 1960 kilichokaa maji ya chumvi hakisubiri mkutano wa kamati.

Sisi tuna bahati ya maji baridi. Ziwa letu halili chuma kwa kasi ya bahari, na anayebisha aende Kigoma aulize habari za meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha Ziwa Tanganyika mwaka 1916 ili isichukuliwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi walizipaka injini grisi. Ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Fikiria fundi anayeambiwa meli yake inakwenda chini leo, naye anachota grisi. Sasa linganisha na meli yetu ya Robert Coryndon ya Ziwa Albert, iliyokuwa ikitoka Butiaba tangu miaka ya 1930. Maji ya ziwa yalipopanda miaka ya 1960 bandari iliharibika, meli ikazama palepale 1964. Haikuibuliwa. Mwili wake ulikaa pale ukionekana, mpaka ukakatwa ukauzwa kama chuma chakavu, neno lile la msomaji wa Mbale. Hakukosekana fedha tu. Hakukuwa na mtu aliyejiona mwenyewe kuwa na jukumu la kushika ndoo.

Najua jibu litakalokuja: watoto hawana madawati, wewe unataka meli. Nalikubali nusu. Sitaki senti ya serikali iende kwenye meli kongwe wakati kituo cha afya hakina dawa. Lakini pesa ya Ross Revenge haikutoka kwenye madawati ya mtu. Imetoka mifukoni mwa watu waliosikiliza redio ile wakiwa vijana. Nasi tunachanga, hakuna taifa linalochanga kama sisi, kwa harusi, kwa mazishi, kwa kijana anayeenda kusoma. Tunachoogopa ni kinachofuata baada ya kuchanga.

Nina ushahidi wangu. Stesheni moja ndogo ya upande wetu, iliyokuwa na kipindi cha Kiswahili jioni ambacho wavuvi wa Masese hawakukikosa, ilipigwa na radi mtambo ukaungua. Wakatuomba wasikilizaji tuchange kwa pesa za simu. Nilichanga, na mke wangu alichanga kwa jina lake, tukasomewa majina hewani tukafurahi. Baadaye mtambo ukapatikana, sijui ni mpya au wa kukopa, kipindi cha Kiswahili hakikurudi, na hakuna aliyetuambia kiasi gani kiliingia. Simtuhumu mtu wizi. Lakini mara ya pili walipoomba, simu yangu ilikuwa haina chaji, na naamini simu nyingi zilikuwa hazina chaji siku hiyo.

Kwa hiyo nina ombi kwa gazeti hili, na si ombi la fedha. Feri zetu za mabehewa za miaka ya 1980 hazitaishi milele. Kabalega ilikwisha kuzama 2005 baada ya kugongana na feri mwenzake, Kaawa. Majirani wa Kenya waliirudisha Uhuru yao, meli ya 1966, kazini mwaka 2019, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba chombo cha zamani hakifufuki. Siku ambayo chombo chochote cha ziwa kitapangiwa kuuzwa kwa kilo, watangaze mapema, kwa Kiswahili, gazetini, ili sisi tuliokitumikia twende kuchukua kengele, telegrafu ya injini (chombo cha nahodha cha kupelekea amri chumba cha injini) na vitabu vya safari kabla tochi ya gesi haijawashwa. Jinja kuna makumbusho ya reli; vitu hivyo havitakosa pa kulala. Na kama chombo chenyewe kina mabati mazima, kipimwe kwanza kabla ya kuhukumiwa.

Ikifika hatua ya kuchanga, naomba gazeti litoe robo ukurasa mara moja kwa mwezi: kilichoingia, kilichotoka, bati namba ngapi limebadilishwa. Hata shilingi elfu moja iandikwe. Pasipo robo ukurasa huo mimi mwenyewe sitachanga, na nitawaambia wenzangu wasichange.

Tumeanza kuitana, mafundi wastaafu wachache wa hapa Jinja. Mmoja macho yamemwishia lakini ukimpa nyundo bado anasikia bati lililoliwa kuliko kijana mwenye mashine. Tunawahitaji wa Port Bell, na zaidi tunawahitaji wachomeleaji ambao bado wana nguvu za mgongo. Aliyefanya kazi kwenye feri yoyote ya Ziwa Victoria amwandikie Mhariri, ataje chombo, miaka, na kazi aliyokuwa akifanya. Waliokuwa jikoni pia waandike. Wao ndio wanaokumbuka majina ya watu wote.

Fundi mstaafu wa injini,
Masese, Jinja