Nyuki amenyamaza

Richmond, Kentucky
Jumapili usiku, Novemba

Ndugu yangu Masanja,

Mwangaluka! Habari za Sikonge, habari za mama na watoto, habari za mizinga? Sisi huku wazima, baridi tu imeshaanza kuuma masikio. Nisamehe kwa ukimya. Najua umenitumia ujumbe mara tatu kuhusu harusi ya Kulwa na mara tatu sikujibu. Nitajibu humu humu, lakini acha kwanza nitoe lililonikaa kooni, maana nisipolitoa barua hii haiendi.

Nimempiga Nyuki. Nimempiga kwa kosa ambalo hakulifanya, na sasa hasemi.

Picha zake unazo, yule mbwa jike mwenye madoa meusi na ya kahawia, masikio marefu, niliyepewa na Mzee jirani yangu mwezi wa Aprili akiwa na miezi miwili. Ni wa aina wanayoiita Treeing Walker, mbwa wa kuwinda rakuni, na Mzee anajivunia kwamba damu yake ilianzia hapa hapa kwenye kaunti yetu ya Madison. Mwaka 1852 aliletwa mbwa mmoja kutoka Tennessee, inasemekana aliibwa huko akiwa anafukuza kulungu, akanunuliwa na bwana mmoja wa hapa aliyeitwa Maupin. Wakamwita Tennessee Lead. Asili yake hakuna aliyeijua, lakini watoto wake walishinda mbwa wote kwa mbio na pua. Mzee akisimulia habari hiyo utadhani alikuwepo.

Uliniuliza kwenye simu rakuni ni mnyama gani hasa. Chukua ngawa, mpunguze urefu, mfunge kitambaa cheusi machoni, mtie pete kwenye mkia, kisha mpe mikono ya mtoto mchanga, vidole vitano vitano. Jina lenyewe Waingereza walilipata kwa Wapowhatan, wenyeji wa Virginia, na maana yake ni yule anayekwaruza kwa mikono. Anamenya hindi kama ngedere. Anatoka usiku, anapita kandokando ya vijito akipapasa mawe kutafuta kamba wa maji baridi, na akisikia mbwa anapanda mti. Au anaingia majini, na hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu mbwa akimfuata kwenye maji ya kina, rakuni anaweza kumkalia kichwani mpaka azame. Kuhusu kichaa cha mbwa uliuliza vizuri. Rakuni wa upande huu wa Marekani wanao ugonjwa huo, kwa hiyo Nyuki amechanjwa na nimeitunza karatasi yake. Kuna na ugonjwa mwingine unaompata mbwa siku kadhaa baada ya kung'atwa na rakuni, miguu ya nyuma inalegea kwanza, kisha mwili mzima. Wengi hupona lakini huwa ni kazi ya wiki nyingi kumlisha na kumgeuza. Ndiyo maana sitaki amkaribie rakuni kabisa. Namtaka ampandishe mtini, asimame chini, aniite. Basi. Nikifika namwangalia yule mnyama, namsifu mbwa, tunarudi nyumbani, rakuni anabaki na maisha yake. Hata kwenye mashindano ya usiku hawaui.

Tatizo ni hilo la kuita. Masanja, kwetu mbwa anayebweka ovyo porini alikuwa anafukuza nyama, wewe unajua Babu alivyokuwa akiwafinya midomo. Huku mambo yamegeuka. Mbwa anakimbia kilomita nzima mbele yako gizani, humwoni, unamjua kwa sauti tu. Akinasa harufu analia kwa sauti ndefu, inapanda na kushuka. Harufu ikiwa mbichi anaharakisha. Akifika kwenye mti anabadili kabisa, anabweka kwa mkato, moja moja, haraka haraka, kama mtu anayetwanga. Sauti hiyo ya kutwanga ndiyo ahadi yake kwako: yuko hapa juu. Ukimwondolea mbwa sauti, hujabakiwa na kitu.

Na Nyuki alikuwa nayo! Nilimfundisha kidogo kidogo kama Mzee alivyoniambia. Alipofikisha miezi minne nilianza kuburuta ngozi kavu ya rakuni kwenye majani, hatua ishirini tu, nikaining'iniza kwenye tawi. Nilivaa glavu ili asijifunze kufuata harufu yangu badala ya ile ya ngozi. Wiki hadi wiki nikarefusha njia, nikavuka mtaro, nikapita juu ya gogo, nikabadilisha mti ili asikariri. Nikawa naiacha njia ipoe saa nzima kabla ya kumfungulia. Siku ya kwanza aliyoinua miguu ya mbele akaiweka kwenye gome na kubweka kwa mkato, niliruka kama mtoto, nikampa ini la kuku lote lililokuwa la chakula chetu cha jioni. Mke wangu alinuna siku mbili.

Septemba tukaanza kutoka na mbwa mzee wa jirani. Nyuki akajifunza msitu, akajifunza kuvuka maji, ila Mzee akaniambia nisimwache hapo muda mrefu, kwa kuwa mbwa mdogo akizoea kumfuata mkubwa hafanyi kazi mwenyewe, anafika mtini na kuitikia tu. Oktoba nikamtoa peke yake. Usiku wa kwanza kulungu akampita mbele ya pua, akamfuata masaa matatu. Mkanda wake wa shingoni una GPS, nikawa namwona kwenye kioo anakwenda, anakwenda, mpaka ng'ambo ya barabara kubwa. Moyo ulikuwa mdomoni. Nikamsamehe, yule bado mtoto.

Kisha ikaja miti mitupu. Usiku mmoja akabweka kwenye mti ambao matawi yalishapukutika majani yote, namulika, hakuna kitu. Kesho yake hivyo hivyo. Harufu kwa mbwa mdogo inachanganya, rakuni hupanda mti, akashuka upande wa pili, akaenda zake, na mbwa anaishia pale palipokolea. Mimi nilijua hayo. Nilishaambiwa. Lakini nikaanza kuingiwa na hofu kwamba nimefuga mwongo, na kazini mtu mmoja akanitia maneno, akasema mbwa wa hivyo unamnyoosha mapema au unamuuza.

Jumamosi ile, wiki mbili zilizopita, Mzee hakuja kwa sababu ya nyonga yake. Tukaenda wawili. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, ardhi ina unyevu, hakuna upepo, usiku mzuri kuliko yote. Nyuki akalia kando ya kijito, akapanda nacho, nusu saa, halafu akatwanga. Nikamfuata kwenye miiba mpaka kwenye mwaloni mmoja mkubwa, watu watatu wasingeukumbatia. Nikazunguka na tochi ya kichwani, nikaita kwa ile pembe ya kuiga mlio wa rakuni ili ageuze uso nione macho yanavyong'aa. Sikuona kitu. Robo saa nzima. Yeye hakuondoa miguu kwenye gome, anabweka, ananitazama, anabweka. Na mimi nilikuwa natakiwa kazini saa kumi na mbili asubuhi, nimelowa mpaka magotini. Nikamshika mkanda, nikamvuta chini, nikampiga mara mbili kwa kamba ya ngozi.

Alinyamaza hapo hapo. Hakulia hata.

Nikakaa kwenye gogo kufunga kamba za kiatu. Nikasikia makucha kwenye gome. Kumulika, usawa wa paa la nyumba, kuna shimo ambalo sikuliona kwa sababu tawi lilikuwa limelikinga, na ndani ya shimo uso wa rakuni umetoka, kile kitambaa cheusi, anatuangalia. Alikuwa mle muda wote. Nyuki alimwona. Aliinua kichwa, akamwona, kisha akanigeukia mimi, na hakubweka.

Unajua waamuzi wa mashindano hufanyaje? Mbwa akibweka kwenye mti usio na kitu anakatwa alama. Lakini mti ukiwa na shimo ambamo mnyama anaweza kujificha, hawampi alama wala hawamnyang'anyi, wanaiacha, kwa sababu mtu hawezi kumhukumu mbwa kwa jambo ambalo macho yake mwenyewe hayafiki. Wageni kabisa humtendea mbwa haki hiyo. Mimi niliyemlea sikumpa.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka Babu yako. Unakumbuka siku ya Chui, yule mbwa wake, na lile shimo chini ya mninga? Sote tukasema hamna kitu, Mayunga akasema mbwa amezeeka, turudi. Babu hakujibu. Akashika jembe akachimba mpaka jua likazama, mikono imepasuka, na nungunungu akatoka. Nilimuuliza njiani kwa nini alichimba, akaniambia Chui hana sababu ya kumdanganya. Nimekaa na neno hilo wiki mbili, Masanja. Nilikuwepo. Nililisikia kwa masikio yangu nikiwa na miaka kumi na moja, na halikunisaidia siku nilipolihitaji.

Sasa hali iko hivi. Nimetoka naye mara nne tangu siku hiyo. Mara mbili hakutaka kuondoka miguuni pangu. Ya tatu alizunguka karibu na gari. Alhamisi ndiyo iliyoniuma: alinasa harufu, akalia ile sauti ndefu, nikasema afadhali, amerudi. Akafika mahali akanyamaza. Naangalia kioo, amesimama tuli. Nikangoja dakika kumi, kimya. Nikaenda. Nikamkuta ameketi chini ya mti, hajagusa gome, mkia umelala, na rakuni yuko juu kwenye tawi wazi, mtu yeyote angemwona. Kazi yote anaifanya. Kusema ndiko anakokuogopa.

Nilimkumbatia pale pale kwenye matope. Nilimpa nyama yote niliyokuwa nayo. Alikula, lakini alikuwa anaitazama kamba mkononi mwangu. Kamba ile nimeitupa.

Mzee nimemweleza kila kitu, sikuficha. Alikaa kimya sana. Halafu akanisimulia kwamba huko Alabama kuna makaburi ya mbwa wa rakuni tu, mbwa wa aina nyingine hazikwi hapo. Bwana mmoja aitwaye Key Underwood alimzika hapo mbwa wake Troop, Septemba 1937, mahali walipozoea kupiga kambi ya kuwinda, na wenzake nao wakaleta wa kwao. Leo wamefika zaidi ya 300. Mzee ameshafika, ameona kaburi moja limechongwa kwa mbao, jingine kwa jiwe. Hakuniambia kwa nini ananisimulia. Nafikiri alitaka nijue mbwa hawa ni watu wa kuzikwa na kuliliwa. Kisha akasema nina njia mbili: nimpumzishe mwezi mzima, nianze upya na ngozi uani kama alipokuwa mtoto, au nimrudishe kwa yule mbwa mzee, asikie mwenzake anabweka mtini na hakuna anayepigwa, sauti imtoke kwa wivu. Mimi naogopa ya pili, asije akawa wa kuitikia maisha yake yote. Na ya kwanza naogopa mwezi wa kimya utaota mizizi. Kwa hiyo kila jioni nashika ngozi, naiangalia, naiweka chini.

Mchango wa harusi ya Kulwa nautuma mwisho wa mwezi, mwambie Nyanzala asifunge daftari lake. Na ile asali uliyomkabidhi yule dada ilifika salama, chupa moja Mzee ameshaimaliza peke yake na anauliza miti ya huko inachanua maua gani. Mwandikie mistari miwili nimtafsirie, atafurahi sana.

Sasa nijibu haya, tafadhali, wewe ndiye uliyelala na wale mbwa banda moja. Babu aliwahi kumpiga mbwa kwa makosa? Akamrudishaje? Chui alipokanyagwa na yule ng'ombe akaogopa kutoka, ni kweli Babu alilala nje naye, au hiyo ni hadithi ya Mayunga? Siku ngapi? Alikuwa anamwambia nini? Wewe ungechagua njia ipi kati ya zile mbili? Au iko ya tatu ambayo Mzungu haijui? Na ule mluzi wake wa kuwaita mbwa jioni, ule unaoanza chini kisha unakatika, bado unaweza kuupiga? Mimi nimejaribu, nakosea pale katikati. Ukiweza urekodi kwa simu unitumie, hata kama kuku wanapiga kelele nyuma. Nataka nianze kumwita kwa sauti ambayo haijawahi kumkosea.

Usichelewe kujibu. Kesho natoka naye tena, bila tochi wala mkanda wa GPS, mpaka kwenye ule mwaloni na kurudi.

Nduguyo,
Shija