Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Vikao vya robo mwaka vilifanyika, wagonjwa tuliwatembelea, kwenye misiba tulifika, na hesabu atazisoma mhazini. Hayo mnayajua.

Nakuja kwenye lililozua maneno: uamuzi wa kamati kuwaomba wanachama wauandike mfuko wetu wa hisani kuwa mmoja wa wanufaika, yaani wanaolipwa mwenyewe akifariki, wa bima ya maisha, mafao ya uzeeni, au akaunti ya benki inayoruhusu hivyo. Imesemwa mwenyekiti anawatabiria watu vifo. Imesemwa nataka kula mali za yatima. Nimenyamaza mwaka mzima. Leo naomba nisikilizwe.

Hakuna aliyeombwa kutoa vyote. Fomu ya kutaja wanufaika ina safu ya asilimia. Mimi nimejaza 90 kwa mke wangu na watoto, 10 kwa mfuko, na mama watoto alikuwa amekaa pembeni yangu, kwa sababu ziko nchi ambako fomu za namna hii huhitaji ridhaa ya mwenza. Anayeionea uchungu hata hiyo 10, auandike mfuko kuwa mnufaika wa akiba, upate tu ikiwa wa kwanza ametangulia mbele ya haki. Na kwa kawaida ukighairi unajaza fomu nyingine. Ukingali hai, mali ni yako.

Wengine walinijibu, "Mimi nina wosia, yatosha." Haitoshi. Mara nyingi fedha zenye mnufaika aliyetajwa hazipitii kwenye wosia. Hulipwa aliye kwenye fomu, na pengine huyo ni mtalaka wako uliyesahau kumfuta. Kwenye mafao, baadhi ya sheria huwatanguliza wategemezi hata ungeandika jina gani, kwa hiyo ulizeni kwanza huko mnakochangia. Nalisema mwenyewe kabla sijaambiwa nimelificha.

Halafu jina. Mwenzetu mmoja, Mungu amrehemu, alituachia sehemu ya bima yake. Kwenye nafasi ya jina aliandika maneno mawili: "Chama chetu". Kampuni ikauliza, chenu akina nani? Nimeandika barua 7 na kwenda mara 4, kwa nauli yangu, na hadi leo hatujalipwa. Andikeni jina kamili la usajili pamoja na namba, kama lilivyo kwenye cheti.

Niliandaa semina ya haya yote. Kati ya wanachama 86 walikuja 19, na 5 wakaondoka kabla ya maswali. Fomu zilizojazwa ni 11. Wasiolipa ada ni 37, na kelele nyingi zinatoka humo humo. Majina sitaji, ingawa daftari ninalo.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kumpata mwanasheria, pengine na kuirudia semina. Nakala za cheti ziko kwa katibu.

Mwenyekiti