Plastiki isikatwe kwa mazoea ya chuma

Mhariri,

Mwezi uliopita nilipokea vipande sita vya akriliki, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, vilivyokatwa katika karakana moja hapa Kisumu, nivitumie kutengeneza milango ya kabati la mandazi la mama mmoja anayeuza karibu na soko la Kibuye. Vipimo vilikuwa sawa kabisa, lakini kila ukingo ulikuwa umeota ukingo mwingine juu yake, uji wa plastiki ulioganda ukawa mgumu na wenye makali, na matundu ya skrubu yalikuwa yamezungukwa na nyufa nyembamba kama unywele. Kijana aliyevikata ana mkono mzuri. Tatizo ni kwamba alifunzwa kukata chuma, kisha akakabidhiwa plastiki bila kuelezwa tofauti yake.

Naomba walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wanaolea wanagenzi katika Jua Kali walitengee jambo hili muda wake. Chuma husambaza joto upesi, ilhali plastiki hulibakisha palepale bledi inapopita. Zile mashine ndogo zinazoshikwa kama kalamu nene, ambazo siku hizi karakana nyingi zinazo, baadhi yake huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, na akriliki huanza kulainika ikifika takriban nyuzi 105 za Selsiasi, paipu za PVC zikitangulia kwenye nyuzi 80 hivi. Anayefungulia kasi yote huwa hakati tena bali anayeyusha, na alichokiyeyusha huganda nyuma ya bledi na kuziba njia aliyoipasua punde tu.

Mimi huanzia kasi ya chini na kuijaribu kwenye kipande cha kutupwa, nikitazama kinachotoka: chembe kavu zikiruka, naendelea, zikitoka nyuzi zinazonata, nasimama, naacha bledi ipoe, kisha napunguza kasi. Bledi yenyewe iwe ya meno, kwa maana diski ya kusagia husugua na kuongeza joto. Kipande kibanwe barabara kwenye ubao ili kisitetemeke, karatasi yake ya kinga isibanduliwe, na mkato upitishwe mara kadhaa kwa kina kidogo badala ya kulazimishwa mara moja. Nje ya mstari huacha kama milimita moja, ambayo naiondoa kwa tupa, kisha kwa msasa wa maji namba 240 na 400, hadi kidole kipite ukingoni bila kukwaruzwa. Tundu la skrubu nalo liwe pana kidogo kuliko skrubu, kwa kuwa akriliki hutanuka juani, na ikikosa nafasi hupasuka. Kwa mkato ulionyooka kwenye kipande cha milimita 3, hata mashine haihitajiki: kichorwe kwa kisu mara kadhaa penye rula, kisha kivunjwe kwenye ukingo wa meza.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni moshi. PVC ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka asidi, nami nimeona wanagenzi wakiinamia paipu inayofuka huku wakipangusa machozi na kuendelea kukata. Harufu ikianza kuchoma pua, mashine izimwe na watu watoke nje. Miwani ya kinga ivaliwe kila mara, hata kwa mkato mmoja, kwa sababu diski nyembamba huvunjika bila onyo na vipande vyake huruka kuelekea usoni. Unga wa plastiki unaobaki uzolewe na kutiwa kwenye mfuko wa taka, usifagiliwe mtaroni, maana mvua ikinyesha huusomba hadi ziwani.

Wauzaji wa mashine hizi nao wamuulize mnunuzi anakusudia kukata nini kabla ya kumpa bledi. Kati ya vile vipande sita niliokoa viwili kwa tupa. Vinne nimevikata upya, na mama yule bado anafunika mandazi yake kwa kitambaa.

Fundi wa makabati,
Kisumu