Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tuwahi Kabla ya Msimu

Ndugu wanachama, asalamu alaykum, tumsifu Yesu Kristo.

Mnivumilie, leo nitasema habari za korosho kuliko za chama chetu hiki cha kusuluhisha wanandoa. Mliokaa zamu ya kupokea watu mnajua: minada ikianza Oktoba benchi letu halikauki watu, na karibu kila shauri linaanza na swali lilelile, "Hela imeingia, iko wapi?" Mke amepalilia, ameokota, amejitwika gunia mpaka ghalani. Jina kwenye daftari la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ni la mume, na malipo ya stakabadhi ghalani, yaani ya korosho zilizopokelewa ghalani na kuuzwa mnadani, yanaingia kwenye akaunti yake. Akienda benki Newala mjini na kurudi siku ya nne na simu mpya, hapo hapakaliki tena.

Kosa letu nalitaja mwenyewe kabla hamjaniuliza: tulikuwa tunangoja ugomvi. Mtu akifika kwetu jicho limevimba, tumeshachelewa. Huyo ni wa hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hatusuluhishi kipigo kwa soda. (Wapo wazee wetu waliojaribu, nao wanajijua.)

Agosti iliyopita tulibadili njia. Kabla korosho hazijaanza kudondoka tuliwafuata wanandoa waliokubali, nyumbani kwao, jioni. Nyumba moja sitaisahau. Mama alitandika mkeka, baba akakaa kwenye kiti akatupa mgongo nusu. Tulikuwa tumemwomba mjomba wa mke aje, maana huku kwetu mjomba akikohoa watu husikiliza. Hakuhutubia. Aliomba daftari la shule la mtoto, akafungua ukurasa wa mwisho, akasema, "Haya, tuandike. Salfa ya kupulizia mikorosho mwakani. Sare. Bati. Deni la dukani." Kusikia deni, baba akageuza kiti, kumbe hakuwa akilijua. Wakabishana mpaka mwezi ukatoka, kisha wakasaini wote wawili. Malipo yalipoingia walikwenda benki pamoja. Waligombana njiani, lakini bati zilinunuliwa.

Si kila nyumba ilikwenda hivyo. Mzee mmoja alitufukuza, na kweli tulikwenda bila kubisha hodi vizuri.

Waliokwisha kuamua kuachana tuliwaelekeza baraza la usuluhishi wa ndoa, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wapite huko kabla ya kudai talaka mahakamani. Mtoto aliye hatarini hatumjadili kikaoni: ni afisa ustawi wa jamii, au simu 116, haina gharama. Ofisi moja tuliyoipelekea barua ya mtoto aliyeachishwa shule akaokote korosho ilituambia "njooni kesho" mara tano. Bibi yake akaenda na kapu la mihogo, akaketi mlangoni. Barua ikasainiwa siku hiyohiyo.

Hesabu atasoma mweka hazina. Mimi na tarakimu hatupatani.

Ombi langu ni wanaume zaidi kwenye zamu za jioni. Kina mama ndio wanaobeba kazi hii, na wapo waume wasiotaka kusemeshwa mambo ya hela mbele ya wanawake peke yao. Mjomba yeyote mwenye subira na anayejua kusoma daftari anatufaa. Vikao vinaanza wiki ya kwanza ya Agosti. Majina mpeni katibu kabla hamjaondoka, yuko pale karibu na birika la chai.