Saa sita au saa kumi na mbili?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini mwako niseme jinsi utabiri wa hali ya hewa unavyotufikia sisi wa Lamu. Kwa miaka mingi nilikuwa nahodha wa mashua ya abiria na mizigo kati ya Amu, yaani mji wa Lamu, na Faza. Siku hizi magoti yamekataa, nanunua samaki gatini. Kila alfajiri nasimama na watu wanaoulizana swali moja tu: tutoke au tusitoke?

Mwaka jana, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ikiwa imekolea, ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp. Ulikuwa umefasiriwa na mtu nisiyemjua na kupita simu kwa simu mpaka ukatufikia sisi: upepo mkali na mawimbi makubwa kuanzia 12:00. Kijana mmoja, mguu ndani ya maji, mkono umeshika kamba ya nanga, akausoma kwa sauti: "Kuanzia saa kumi na mbili." Akatazama juu. Jua limeshapanda na bahari iko kama sinia. Akanigeukia, "Ami, saa kumi na mbili imepita na hakuna kitu." Wakapiga mashine wakaenda zao.

Upepo ulifika saa sita na dakika zake, kama ulivyosemwa. Alhamdulillahi walirudi wote wazima, ila nyavu walizikata wakaziacha huko huko nje ya mwamba, na deni la nyavu hizo wanalilipa hadi leo. Utabiri ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye saa. Na nashukuru ujumbe ule haukutumia ile saa ya kimataifa iliyoko kwenye baadhi ya taarifa za baharini, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, maana tungeondoka na jibu la tatu.

Mimi si katika wale wanaosema watu wa hali ya hewa ni waongo. Nasema wanajibu swali ambalo hatukuwauliza, tena kwa vipimo vyao. Chukua mawimbi. Vijana wakisikia "mita mbili" wanacheka, kwa kuwa wamepita kwenye makubwa zaidi. Hawajaambiwa kwamba ile mita mbili si wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa, na wimbi moja moja linaweza kufika karibu mara mbili ya hapo. Yaani ukiambiwa mita mbili, jitayarishe na la karibu mita nne. Sentensi moja tu ya Kiswahili ingetosha kulieleza hilo, na katika maisha yangu yote ya bahari sijaisikia redioni hata mara moja.

Hata kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilituachia somo ambalo hatukulisoma. Kimbunga chenyewe kilielekea Tanzania, upande wa Mafia. Sisi Lamu tuko kama digrii mbili tu kusini ya ikweta, na vimbunga havipendi kuisogelea ikweta. Huku tulionywa juu ya upepo na mawimbi ya pembeni. Lakini barazani neno lililobaki ni "kimbunga". Kilipokosa kuja, watu wakasema tumetishwa bure. Onyo likiisha na mtu asirudi kutueleza lilikuwa na maana gani, lijalo linapungua uzito.

Ndivyo ilivyokuwa kwa El Niño. Mwaka 2015 tuliitangaziwa mpaka watoto wakalijua jina, mvua ikaja ya kiasi. Ilipofika 2023 wengi hawakutaka hata kulisikia, na mwisho wa mwaka huo barabara ya kutoka Lamu kwenda Garsen ikamezwa na maji. Nani alituketisha akatuambia kwamba El Niño ni joto la bahari ya Pasifiki, na kwamba mvua yetu ya vuli inategemea sana hii Bahari ya Hindi, ikipata joto upande wetu na kupoa upande wa Indonesia? Mvuvi anajua maji ya moto na maji ya baridi. Angeelewa.

Kwa wakulima wa Hindi na Mpeketoni, huku huku Lamu upande wa bara, mambo ni yale yale. Wanaletewa "kawaida kuelekea juu ya kawaida" pamoja na asilimia zake. Mimi mwenyewe ilibidi mwalimu wa hesabu anieleze kwamba miaka ya nyuma imegawanywa mafungu matatu, ya mvua nyingi, ya wastani na ya chache, na asilimia hizo ni uwezekano wa kila fungu kutokea. Sawa, nimefahamu. Lakini mwenye mbegu ya mahindi mkononi anauliza mvua itashika lini, na ikishika haitamwacha kwenye jua wiki mbili? Halafu masika ya taifa zima yanahesabiwa Machi hadi Mei, ilhali kwetu pwani Mei ndiyo yenyewe hasa, na Juni bado mvua ipo. Akipanda kwa kusikia habari za bara, mbegu inaozea ardhini au inaliwa na ndege.

Nako visiwani kuna jabia. Asiyezijua, ni birika kubwa la kuvunia mvua pamoja na sakafu yake ya kukusanyia maji. Kabla ya masika sakafu ile inataka kufagiwa, mavi ya mbuzi yaondoke, nyufa zizibwe. Kina mama wakipata habari siku tano kabla ya mvua ya kwanza, maji ya miezi yanaingia yakiwa safi. Wakipata jioni ya mvua yenyewe, inaingia taka. Sijasikia utabiri unaotaja jabia.

Wazee wetu walikuwa na hesabu yao. Tangu siku ya Nairuzi, mwaka mpya wao, walihesabu miongo, siku kumi kumi, wakajua mwongo wa kupanda na mwongo wa kufunga safari, kaskazi ya kutoka kaskazini, kusi, na tanga mbili, pepo zinapobadilika katikati yake. Sitaki kuitukuza kupita kiasi. Mwaka ule una siku 365 bila ile siku moja ya kila miaka minne, kwa hiyo katika miaka mia unateleza siku 24 hivi, na sasa bahari yenyewe inabadilika. Lakini wazee walisema na watu kwa majina ya pepo wanazozijua. Kule Bunyore, Vihiga, magharibi mwa Kenya, wazee wa Nganyi, ukoo wa watabiri wa mvua, na wataalamu wa hali ya hewa wamekuwa wakikaa pamoja, kila upande na dalili zake, wakatoka na neno moja kwa wakulima. Kwetu manahodha wapo, kituo cha vipimo kipo. Kikao ndicho sijakiona.

Ninachoomba si mtambo wa mamilioni. Naomba ubao gatini Lamu, mwingine Kizingitini, mwingine Kiunga. Uandikwe jioni, kwa sababu barafu na mafuta hununuliwa usiku. Uandikwe upepo kwa jina lake na saa kwa Kiswahili: "kusi itazidi kuanzia saa sita mchana". Maji yanajaa saa ngapi, bamvua, yakijaa na kupwa sana, au maji mafu, yakisogea kidogo. Kisha pembeni iachwe nafasi ambapo manahodha waliorudi wataandika walichokikuta huko nje, na afisa wa hali ya hewa akisome kabla ya kuandika cha kesho. Vipimo baharini ni haba, na hawa wako huko kila siku bila mshahara wa mtu.

Nimeshazungumza na seremala wa Matondoni, mbao za dau kuukuu anazo. Chaki nitanunua mimi.

Wako,
Mnunuzi wa samaki, Lamu