Alfajiri ya Geneva, kutoka roshani

Lamu

Sahibu yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Barua yako kutoka Malindi imenifikia, na swali lako limenikaa moyoni siku tatu: iweje nikupelekee picha ya Geneva isiyo na nyumba hata moja, wala mtu? Ni kweli. Ferdinand Hodler, mchoraji wa Uswisi, alichora ziwa, milima na anga la manjano. Mji wenyewe, sahibu, u chini ya miguu yake. Mapema mwaka 1918, ugonjwa ukimzuia kutoka, aliichora mandhari ile ile mara nyingi kutoka nyumbani kwake ukingoni mwa ziwa, na mwezi wa Mei akafariki.

Nimeitazama nakala yangu roshanini baada ya sala ya alfajiri, kwani nasi twaelekea mashariki kama yeye: yeye alikuwa na mlima Mont Blanc, yapata kilomita 70 ng'ambo, mimi nina kisiwa cha Manda. Kabla jua halijachomoza, mikoko ya Manda huwa mstari mmoja mweusi, maji mstari mwingine, na mwanga hafifu juu yake. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini ameipanga picha yote kwa mistari ya kulala, mmoja juu ya mwingine, kama kili za rangi zilizoshonwa kuwa mkeka.

Kilichonitatiza ni maji. Mkondo wetu hautulii hata siku za maji mafu, ilhali ziwa lile halijui bamvua, na kimya chake kilinitia hofu mwanzoni, kana kwamba nimeingia nyumba yenye maiti. (Huenda ni kwa kuwa nilijua mchoraji alikuwa mgonjwa.) Miaka mitatu kabla yake alikuwa amemchora mpenzi wake, Valentine Godé-Darel, akidhoofika hadi kufa, na mistari ya kulala katika picha zile ni ya mwili wake kitandani. Humu mistari ni ile ile, ila nyuma ya milima jua linakuja, na manjano yale, kwa macho yangu, si rangi ya matanga hata kidogo. Ni ya mtu aliyeamka mapema akawa hana haraka.

Katika baadhi ya picha za ziwa aliwapanga ndege weupe wa majini sehemu ya chini. Hao singewaweka.

Ukija kwa Maulidi, njoo na nakala yako. Nitakuamsha kabla ya adhana tuketi hapa juu, mji ukiwa bado umelala chini yetu, kisha uniambie kama Geneva bado huioni.

Wako daima,
Sahibu yako wa Lamu